Bundi Hakulia

Usigeuze shingo. Ni wewe unayesemwa, wewe uliyekaa juzi kwenye benchi la hospitali, karani akabonyeza kitufe, jina lako likatokea na kila ugonjwa uliowahi kuugua, ukaona ni jambo la kawaida kama maji kutoka bombani. Hukuuliza jina hilo linalindwa na nani. Ulijua ukiuliza utasikia la kukunyima usingizi, ukatazama pembeni. Basi leo sikia.

Palikuwa na chumba chini ya ofisi kuu ya hospitali, hakina dirisha, kimepozwa kwa ajili ya mashine mpaka kikawa na baridi ya mochwari. Kila hospitali ya mkoa ilikuwa na kanzidata yake, ghala la habari za wagonjwa, na maghala yote yaliangaliwa kutoka hapo, kwenye skrini moja iliyojaa ukuta. Mtu mmoja ndiye aliyezipangia kompyuta zote kazi na saa zake: hii inakili kumbukumbu, ile inafuta takataka, nyingine inapeleka habari za mgonjwa kule anakohamishiwa. Kazi ikienda vizuri, taa ya kijani. Ikisuasua, njano. Ikikwama, nyekundu, na king'ora kinalia. Wenzake walimwita mtu huyo Bundi, maana alikuwa halali. King'ora kikilia walitaniana, "Bundi kalia, nani anakufa leo?"

Akafa yeye, palepale kitini, mkono ukiwa juu ya kipanya. Alikuwa ameomba msaidizi mpaka ulimi ukaota sugu. Wale waliomjibu "vuta subira" ndio waliogombania kubeba jeneza, tena upande wa mbele.

Kiti chake alikalishwa mkewe, fundi wa kazi ileile. Ofisi nzima ikamwita Shemeji. Alikuta mumewe aliendesha kila kitu kwa akaunti yake mwenyewe, kwa sababu akaunti ya ofisi aliyoiomba haikupata mtu wa kuiidhinisha mpaka alipozikwa. Kwa hiyo kila kazi ilipomalizika, skrini iliandika: *Imekamilika. Mtekelezaji: Bundi.* Marehemu alikuwa akiripoti kazini kila siku, tena hachelewi.

Shemeji aliagizwa azihamishe kazi hizo, moja baada ya nyingine, kwenye akaunti mpya. Hakuzihamisha. Alifika hadi kwenye kitufe, akalitazama lile jina, akasema kesho. Nyumbani nguo za mumewe zilishagawanywa, hata kandambili zilikuwa miguuni mwa mtu mwingine. Ni humu kwenye skrini tu mumewe alimobaki akianza jambo na kulimaliza. Hatetewi mtu hapa. Mapenzi nayo yana uzembe wake.

Siku yenyewe, binti yao alihamishwa asubuhi kutoka hospitali ya kando ya reli kupelekwa ile ya mlimani, akapasuliwe. Kule relini walimchoma sindano ya dawa moja, akavimba koo, nusura roho itoke. Walipomwokoa, daktari akaandika tahadhari kwenye kompyuta: dawa hii asipewe tena, itamuua. Wakampigia mama yake kumweleza. Binti mwenyewe alikuwa amelewa dawa za maumivu, hajui anakopelekwa. Mama hakupiga simu mlimani. Ya nini? Kazi ya mchana ingeipeleka tahadhari, kama ilivyopeleka nyingine zote. Baba mtu angeipeleka.

Mkuu wa ofisi akaingia, tai imemkaba.

"Shemeji, wakaguzi wako juu wanakunywa chai. Akaunti ya marehemu inafungwa sasa hivi."

"Mkuu, nipe leo tu. Kazi zote zimeshikwa na akaunti hiyo. Ukiifunga zinasimama."

"Leo tu, leo tu, tangu tumzike! Maiti haachiwi funguo za nyumba. Mwizi akiziokota je?"

Hapo alisema kweli, na Shemeji alijua.

"Binti yangu yuko wodini, Mkuu."

"Ni binti yetu sote. Kwani akaunti ndiyo inayompasua?" Akainama mbele yake, akabonyeza.

Shemeji alifumba macho akingoja kilio. Kimya. Alipoyafumbua, ukuta mzima ulikuwa kijani.

Mkuu alicheka, tumbo likatikisika. "Umeona? Mwache mwenzio apumzike, nawe upumzike." Akapanda juu kwa wageni wake.

Shemeji akabaki na ile kijani. Kitu kilimkaa shingoni, kama pumzi ya mtu aliyesimama nyuma na hataki kusema. Aligeuka, hapakuwa na mtu. Kiti kikalia chini yake kama kilivyokuwa kikimlilia Bundi. Ndipo akakumbuka: kila adhuhuri hospitali ya mlimani huhamia kwenye jenereta, na taa yake hugeuka njano kidogo kisha hurudi. Bundi alikuwa akisema, "Mlima unanikonyeza, mke wangu, usione wivu."

Adhuhuri ilishapita. Mlima haukukonyeza.

Akatazama saa ya pembeni mwa skrini. Ilikuwa imesimama pale Mkuu alipobonyeza. Hata kazi ya kuwasha hizo taa ilikuwa ya Bundi, nayo imekufa na wenzake. Alichokuwa akikitazama ni picha tu, macho ya maiti ambayo hakuna aliyeyafumba.

Akanyakua simu.

"Wodi ya upasuaji."

"Dada, yule msichana aliyetoka relini asubuhi. Nisomee tahadhari zake."

"Hana, mama. Hapa pasafi."

"Sindano gani mnamwandalia?"

Nesi akaitaja. Ilikuwa ileile.

"Msimchome! Itamuua!"

"Kwani wewe nani?"

"Mamaye! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Kule wodini simu ikaanguka mezani. Shemeji alisikia viatu vikikimbia ukumbini, vikififia, kisha hakusikia kitu. Alingoja huku akiitazama ile kijani, nayo ikimtazama. Mwishowe sauti ikarudi, inahema.

"Mama... ilishagusa ngozi. Haijaingia."

Shemeji aliifungua tena akaunti ya marehemu bila kumwomba mtu ruhusa. Ukuta ukawa mwekundu wote kwa pamoja, na Bundi akalia, wageni juu wakashusha vikombe. Tahadhari zilizokwama zikaanza kwenda. Miongoni mwake ilikuwa ya mzee mmoja fundi cherehani, aliyehamishwa kutoka mlimani kwenda relini, dawa ileile. Shemeji akapiga simu relini. Wakamwambia mzee wameshamfunika shuka. Skrini haikujua hilo. Ikampelekea tahadhari yake, ikaandika: *Imekamilika. Mtekelezaji: Bundi.*

Mkuu akashuka anatweta. "Zima hicho king'ora, wageni wanasikia!"

"Wasikie."

"Shemeji, yule mzee siku zake zilifika."

"Hazikufika. Tulimpelekea mimi na wewe."

Akaacha king'ora kilie. Akaanza kuzihamisha kazi, moja baada ya nyingine, na kila jina la mumewe lilipofutika alisema kwa sauti ndogo, "Nenda, baba watoto. Nenda kapumzike."

Binti alikuwa na mama mbele ya skrini. Fundi cherehani hakuwa na mtu. Wewe una nani? Chumba kile mpaka leo kina kiti kimoja, na vya namna yake ni vingi. Inuka hapo ulipo. Nenda hospitali yako leo, jua halijatua, na jirani yako mshike mkono mwende naye. Ulizeni taa zinaangaliwa na nani, na akianguka yeye, nani atajua. Wakikwambieni kila kitu ni kijani, msitoke mlangoni mpaka mmemwona kwa macho yenu mtu wa pili amekaa.