Ndama wa Kwanza ni wa Jirani

Katika kanisa lao karibu na Kiptere kuna desturi moja ya ng'ombe: ukipewa ndama jike, akikua akazaa, jike wake wa kwanza unampa muumini mwingine, na aliyepewa husimama akataja jina la aliyempa. Rebeccah, ambaye wengi walimwita Mama Kipkurui, ndiye aliyeileta desturi hiyo, na hakuchoka kuwakumbusha watu. Siku Mongina, mama wa Kisii aliyehamia huko kuchuma chai, aliposimama na kamba mkononi akasema, "Rebeccah amenipa," Rebeccah alifunika mdomo kwa leso asionekane anavyotabasamu.

Tabasamu hilo halikudumu. Ndama alikua, akazaa, akatoa maziwa hadi majirani wakaja kuchungulia boma. Watu waliokuwa wakisema "ng'ombe wa Rebeccah" sasa wakasema "maziwa ya Mongina." Halafu Mongina akajifunza kutengeneza mursik, maziwa ya kibuyu ya kabila la Rebeccah, na mchungaji akawa anaulizia kibuyu chake baada ya ibada. Mursik ya Mkisii! Rebeccah, aliyekuwa akisafisha vibuyu kwa makaa tangu utotoni, alianza kumwonea wivu.

Tena alikuwa na siri. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa mzee, amekauka. Kila asubuhi alikwenda dukani kwa Kipsang kununua maziwa, akaficha mtungi ndani ya leso, akajaza vibuyu vyake vya kupeleka kanisani kama kawaida.

Miezi ikapita, na ndama jike wa Mongina hakuonekana kanisani. Rebeccah akafurahi kwa furaha mbaya. Jumapili ya mavuno akasimama.

"Mimi nauliza tu, wapendwa. Ile ndama ya Mongina iko wapi? Ama kutoa ni kwetu tu, na kupokea ni kwake?"

Mongina akatoka nje, akarudi akiongoza ndama aliyeoshwa, mwenye baka jeupe usoni kama la ng'ombe wa Rebeccah.

"Nilikuwa nangoja aache kunyonya," alisema. "Zamu ilikuwa ya Chepchirchir, lakini nimemwomba angoje. Nampatia Mama Kipkurui."

Mongina akamkaribia Rebeccah, akamwekea kamba mkononi na kunong'ona, "Kipsang anauza maziwa yangu, mama. Mimi ndiye nilimwambia akupimie vizuri. Sijaambia mtu."

Kumbe vile vibuyu alivyovitembeza kanisani kwa majivuno vilijaa maziwa ya Mongina! Uso ulimwaka. Angerudisha kamba, watu wangeuliza kwa nini, naye angejibu nini? Mongina alijua yote, na alikuwa amenyamaza. Rebeccah, kwa siri ndogo kuliko hiyo, angeshazunguka soko lote akiitangaza.

"Sema jina, mama," mchungaji akahimiza kwa upole. "Desturi ni yako."

Ndama alivuta kamba, akitaka kumrudia Mongina. Rebeccah aliishika kwa mikono miwili.

"Mongina amenipa," alisema. Akarudia hadi walioketi nyuma wakasikia.

Watu wakapiga makofi. Rebeccah akalia, nao wakadhani ni shukrani. Ilikuwamo shukrani kidogo. Lakini wivu haukuwa umeondoka, ila tu haukuwa tena wa maziwa: alitamani moyo wa yule mwanamke, na huo haupitishwi kwa kamba.