Mistari ya Mgongoni kwa Mwanaheri

Mwanetu Suhaib alikuwa hatoki jasho. Hilo hatukulijua mpaka alipofika miaka mitatu, maana nani anakaa kumchunguza mtoto kama anatoka jasho? Tulichokijua ni homa. Joto la Januari likianza kuchemsha mabati ya nyumba yetu hapa Chang'ombe, mtoto anawaka kama pasi. Tunamkimbiza zahanati, anapimwa malaria, haonekani nayo, tunarudi. Nywele zake zilikuwa chache, na meno yaliyoota yalikuwa mawili tu, yamechongoka. Majirani walisema atakuwa sawa akikua.

Mwishowe muuguzi mmoja akatuelekeza kwa daktari wa ngozi, Dokta Benedicta, mama mpole wa Kingoni. Alimwambia Suhaib akimbie koridoni, aende na kurudi. Mtoto akarudi anahema, mwili wa moto, mkavu kabisa.

"Huyu tezi za jasho hana," alisema. Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe mama, jasho linakutoka?"

Mwanaheri akacheka. "Daktari, mie nikisonga ugali tu kanga inalowa."

"Mgongo wote?"

Swali hilo Mwanaheri alikuwa hajawahi kuulizwa.

Daktari akaomba ampime. Suhaib tukamwacha na muuguzi kwenye feni, sisi tukaingia chumba kidogo, madirisha yamefungwa. Mwanaheri akakaa ametupa mgongo, kanga ameishikilia kifuani. Daktari akampaka mgongo mzima iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, akaiacha ikauke, halafu akanyunyizia wanga mweupe juu yake.

"Jasho likigusa hapa, rangi inageuka nyeusi," alisema. "Sasa tusubiri." Akampa kikombe cha chai ya tangawizi, ya moto kwelikweli.

Joto la chumba lile lilinitoa jasho mpaka visiginoni. Kwanza hakikuonekana kitu. Kisha vikaanza vidoa vidogo vyeusi karibu na shingo, vikaongezeka, vikashikana. Nilidhani mgongo wote utakuwa mweusi. Haukuwa. Vidoa vilijipanga. Katikati, kwenye uti wa mgongo, ikatokea mistari iliyokutana kwa chini kama herufi V, mmoja chini ya mwingine, ikishuka mpaka kiunoni. Ubavuni ilijipinda na kuzunguka kama maji yanayopita kwenye mawe. Na kati ya mistari hiyo zilibaki njia pana za rangi ileile ya mwanzo, ambazo jasho halikuzigusa hata chembe.

Mgongo ule nimeusugua kwa dodoki mara ngapi sijui. Sikuwahi kuona mstari hata mmoja.

"Subhanallah," nilisema.

"Nini? Baba Suhaib, kuna nini?"

Daktari alichukua simu yangu, akampiga picha, akampa. Mwanaheri akaiangalia, akaikuza kwa vidole, akaiangalia tena.

"Huyu ni mie?"

"Ni wewe," alisema daktari, akavuta kiti. "Ndani ya kila seli yako mna nyuzi za DNA. Za seli moja tu ukizinyoosha zikaungana, zinafika kama mita mbili. Zinaenea humo kwa sababu zimezungushwa kwenye vijipira vidogo sana vya protini. Palipolegea, seli inasoma maagizo na kuyafanyia kazi. Palipokazwa, haisomi, hata kama maagizo yote yamo."

"Haya," alisema Mwanaheri.

"Kati ya nyuzi hizo, mwanamke ana mbili ziitwazo X, moja ya mama, moja ya baba. Seli haihitaji zote mbili, kwa hiyo moja inakunjwa na kukazwa mpaka inanyamaza. Wewe X yako moja ina kosa kwenye agizo la tezi za jasho, nywele na meno. Ulipokuwa kitu kidogo sana tumboni, kila seli ilijichagulia ipi ya kuifunga. Seli zote zilizozaliwa kutoka kwake zikafuata uamuzi uleule. Hapa peusi ilifungwa yenye kosa. Hapa pasipo jasho ilifungwa ile nzima."

"Na nani aliyeziamrisha?"

"Hakuna aliyeziamrisha, mama. Zilichagua tu, hii hivi, ile vile. Halafu zikakua, zikasambaa, na hiyo ndiyo njia ziliyopita."

Mwanaheri aliipitisha kucha yake juu ya picha, polepole, akiufuata mstari mmoja. "Kabla hata sijapewa jina," alisema.

Kisha akauliza alichokuwa anakiogopa. "Na Suhaib?"

"Mwanaume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Yake ndiyo hiyo yenye kosa. Hana ya pili ya kumsaidia."

Macho ya mke wangu yalijaa machozi, ila hakuangua kilio. Daktari akatufundisha: fulana ibaki imeloweshwa mchana kutwa, maji ya kunywa asiyakose, juani asikae. Akasema akishapata maji na kivuli, ataishi na kusoma kama wenzake.

Tulimchukua Suhaib, tukaenda Buguruni kwa mama mkwe, Bi Najat. Nilimwamkia, Mwanaheri akamwonyesha picha na kumweleza yote, hata yale ambayo mie sikuyashika vizuri. Bi Najat alisikiliza mpaka mwisho.

"Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume," alisema. "Mudathir. Alifariki kwa joto, bado namnyonyesha. Nilikuwa nikimbeba mgongoni naloana mie, yeye mkavu. Wakasema kapatwa na jini. Kumbe naye hakupewa jasho."

Alimwomba Mwanaheri ageuke, akamfunua kanga begani. Dawa ilikuwa imeoshwa, haukuwapo mstari wowote wa kuona. Hata hivyo Bi Najat aliushika mgongo ule kwa mikono miwili, akaipitisha taratibu kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mwanawe akamwachia, ametulia.