Mimi Hapana Mimba

Tisa! Wasichana mia tatu na kumi na wawili waliohojiwa Kiyeyi, na tisa tu ndio waliosema wamewahi kwenda kliniki ya vijana. Nilikuwa ofisini Tororo, nikaipiga meza kofi. Miaka kumi na saba nafanya kazi ya takwimu, napima miradi ya afya ya vijana pande zote mbili za mpaka, na sijaona aibu kama ile. Wakubwa walishasema kwamba ripoti yangu ikija mbaya, chumba cha vijana cha Kiyeyi kinafungwa mwisho wa mwezi.

Lakini nesi wa pale, Sista Benedeta, alikuwa ameniletea daftari lililojaa majina ya wasichana wanaokuja kwake. Nikasema moyoni, huyu mama ananichezea. Daftari mtu anaweza kulijaza hata akiwa jikoni kwake! Jumamosi, siku ya vijana pale, nikapanda boda pamoja na Awor, msichana anayenifanyia mahojiano, twende tukambambe Sista.

Tulipofika, benchi la nje limejaa wasichana. Haiya! Na hakuna aliyejua tunakuja. Nikamwendea wa mwanzo, Aboth, wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akisubiri zamu yake.

"Mdogo wangu, umewahi kuja kliniki?"

"Hapana."

"Hapana? Na hapo umekaa wapi?"

"Kwa Sista."

"Si ndiyo kliniki hiyo?"

Akasimama, macho yamemtoka. "Auntie, mimi nakwenda kliniki kufanya nini? Mimi hapana mimba!"

Benchi zima likaangua kicheko. Jamani! Huku kwetu nani hajui kwamba mwanamke akianza kliniki, basi ana mimba? Juzi tu nilimwambia mama kwa simu kwamba dada yangu Caro ameanza kliniki, akapiga kigelegele. Halafu mimi huyo huyo, na digrii zangu mbili, nimewatuma watu wakawaulize watoto wa shule, mama zao wakisikia, kama wamewahi kwenda kliniki. Wangejibu nini?

"Awor, leta karatasi!" Nilikuwa napiga kelele kama niko sokoni. Neno kliniki nikalifuta, nikaandika: Umewahi kwenda kwa Sista siku ya Jumamosi?

Tulirudia nyumba zote, wasichana wale wale, siku tano. Jioni ya siku ya tano tukajumlisha ofisini. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikampa Awor naye ahesabu. Mia mbili na kumi na wanne! Nilivua viatu nikacheza kuzunguka meza, na Awor akacheza nyuma yangu, mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuona kuna nini. Nikampigia Sista Benedeta. "Sista, nisamehe, nilikudhania mwongo. Chumba chako hakifungwi!" Alilia, nami nikalia, halafu tukachekana.

Nilipokata simu, Awor alikuwa ameacha kucheza.

"Madam," akasema polepole, "lakini Lumino pia tuliuliza hivyo hivyo."

Nikakaa chini. Lumino, mwaka juzi. Wasichana mia mbili na themanini, wanne tu wakasema ndiyo. Niliandika kwamba hawana haja na huduma ile, nikatia sahihi, na wiki iliyofuata chumba kikafungwa. Nesi wa pale naye alikuwa na daftari lake. Sikulifungua hata ukurasa mmoja.

Nikavaa viatu, nikampigia mkubwa wangu.

"Kiyeyi kibaki," nikamwambia. "Na Lumino kifunguliwe. Ripoti ya Lumino ilikuwa na makosa."

"Makosa? Nani aliandika swali?"

Awor alikuwa ananitazama, karatasi zote kifuani.

"Mimi," nikasema. "Andika jina langu."