Vidole Vinne Kutoka Kwenye Ngozi

Simu ya mama ilipokatika Jumanne asubuhi, Chapuchapu hakukimbilia kufagia chumba cha wageni. Alikimbilia kioo.

Mama alikuwa anakuja Ijumaa. Jumatatu angefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, ambayo ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya presha. Mara ya pili, kwa kuwa mama alisindikizwa na jamaa, daktari alimpigia Chapuchapu simu akamwambia bila kuzunguka: mzazi wako asipate jambo lolote la kumkosesha raha hadi siku hiyo, maana presha ikipanda tena mtarudi mwisho wa foleni, na macho yale hayana muda wa foleni.

Na jambo la kumkosesha raha lilikuwapo, tena kubwa kama kabati. Mume wa Chapuchapu, fundi majokofu, alikuwa amefungasha virago miezi saba iliyopita akahamia kwa mwanamke mwingine, na mama hakuwa na habari.

Kuficha kwa mdomo si kazi. Tabu ilikuwa kichwa. Mama alikuwa msusi kwa miaka arobaini, na macho yalipomwishia, vidole vilibaki kazini. Ukiingia kwake, kichwa kwanza, salamu baadaye. Aliwahi kumshika mteja utosini akamwambia, "Wewe damu huna, nenda hospitali," na mteja alipokwenda akaongezewa chupa mbili. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa njiani.

Chapuchapu akafungua kitambaa. Wiki ile aliyoachwa, mikono yake ilikataa kukaa bure: Jumatatu alipaka nywele rangi nyekundu, Jumatano akazipitishia kitana cha moto. Tangu hapo amekuwa akiziosha kwa sabuni ya kipande, ile ile ya mashuka ya kazini, anazisugua kwa taulo, anafunga kitambaa, anaondoka. Sasa zilikuwa zimechujuka, ncha zimepasuka, na akizikamata kwenye ngumi zilikwaruza. Alivuta moja tu kujaribu. Ikakatika bila hata kunyooka.

"Siku tatu," alijiambia.

Jina la Chapuchapu alipewa utotoni na hakuwahi kuliangusha. Jioni ile ile alivunja mayai matatu kichwani, kwa kuwa jirani alisema nywele zinataka nguvu. Alitakiwa kusubiri nusu saa. Alisubiri dakika kumi na mbili, kisha akajimwagia maji ya moto ili mambo yaende haraka. Mayai yakaiva. Alikaa ukingoni mwa beseni akichambua vipande vyeupe kutoka kwenye nywele zake, akitukana yai, kuku na jirani. Nywele zilipokauka zilikuwa ngumu kama ufagio. Akazipaka mafuta. Hazikulainika, akaongeza. Hadi analala alikuwa amemaliza nusu chupa, mto unateleza, na ndani ya mafuta yale nywele zilikuwa kavu vile vile.

Jumatano kazini, katika duka la dobi, mpiga pasi mkongwe ambaye kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote, alimtazama shingoni.

"We mtoto, mbona una yai la kukaanga nyuma ya sikio?"

Chapuchapu alitaka kucheka, yakamtoka machozi. Akamweleza yote: mama, presha, vidole, mume. Shangazi alisikiliza huku akikunja kola.

"Shati la pamba likikauka kama ubao, unalifanyaje?"

"Nalinyunyizia maji."

"Halafu pasi papo hapo?"

"Hapana bwana. Nalikunja, nalifunga kwenye plastiki, naliacha unyevu utambae mpaka ufike kila mahali. Ndipo pasi."

"Na sweta la sufu unalikamua?"

"Nani akamue sufu? Linakandamizwa na taulo taratibu."

"Mafuta je? Shati kavu unalipaka mafuta?"

Chapuchapu alijishika kichwa. Miaka tisa amekuwa akinyunyizia mashati ya watu wasiomjua hata jina, na kichwa chake mwenyewe amekifungia ukavu ndani kwa nusu chupa ya mafuta. Alijisikia mjinga kupita kiasi.

"Maji kwanza," Shangazi alisema. "Mafuta ni kifuniko. Unafunika kilichomo, kama hamna kitu, unafunika hamna. Na mayai yako upumzike nayo, nywele zako zimeshakuwa ngumu vya kutosha."

Jioni alianza upya. Alitoa mafuta yote kwa shampuu laini na maji ya uvuguvugu. Akagawa nywele mafungu manne, akazipaka losheni ya kulainisha zikiwa bado zinachuruzika, akafumua mafundo kwa vidole kuanzia nchani kwenda juu, kama mama alivyokuwa akifanya. Akavaa mfuko wa plastiki, juu yake taulo, akaketi.

Kuketi ndiko kulikomshinda. Saa nzima bila kugusa! Dakika ya tano akafunua kuchungulia. Dakika ya tisa akafunua tena. Alisimama, akapanga vikombe, akavipangua, akaketi. Kwa miezi saba hakuwa ameketi mahali bila kushika kitu, na sasa alielewa kwa nini, maana mikono ilipotulia tu, mume akarudi akilini na sanduku lake la zana mkononi. Alilia chini ya taulo kwa sauti. Kisha akasuuza, akakandamiza kwa fulana kuukuu, akapaka mafuta kidogo juu ya unyevu, akasokota mafungu yake, akalala na kitambaa cha hariri.

Alhamisi zilikuwa na afadhali. Ijumaa mchana akazinyunyizia, na zilipinda kwenye kidole bila kukatika. Alikwenda kumpokea mama akiwa na matumaini.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Mkono ulikuwa umeshafika kichwani.

"Laini," alisema, na Chapuchapu akashusha pumzi. "Marahaba. Twende nyumbani."

Lakini nyumbani, baada ya chai, mama alimwita akae chini mbele ya kiti chake. Vidole vikaingia kwenye nywele, vikashuka hadi kwenye ngozi, vikapanda polepole, vikasimama. Vikarudia upande wa pili. Vikasimama pale pale.

"Vidole vinne kutoka kwenye ngozi," mama alisema. "Kuanzia hapo kwenda nje ziliungua. Chini ya hapo ni nywele mpya, zina kiu tu, na wiki hii umezinywesha. Vidole vinne ni miezi saba. Mumeo yuko wapi?"

"Anaoga, ma..."

"Anaoga! Miezi saba kila nikipiga simu anaoga. Kwa sasa angekuwa ameisha kama sabuni."

Chapuchapu alitaka kuinuka. Mama alikuwa amemshika fungu la nywele, kwa upole, lakini amelishika.

"Daktari alikataza, mama. Presha yako."

"Presha yangu unadhani inapandishwa na nini? Nalala nawaza, amekufa? Anampiga mwanangu? Wamefungwa wote? Mara mbili nimefika kitanda cha upasuaji na maswali hayo kifuani. Sema, mtoto wewe."

Akasema. Alisema yote, hadi rangi nyekundu, hadi mayai. Mama aliuliza jina la yule mwanamke, akauliza nani alibaki na kitanda, akamlaani yule fundi kwa utulivu, kiungo kimoja kimoja.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

"Basi kumbe hajafa mtu," mama alisema, na kabla chai haijapoa alikuwa anakoroma kitini.

Chapuchapu hakupata usingizi siku tatu. Alijua ameiharibu operesheni kwa ulimi wake mwenyewe.

Jumatatu, kwenye benchi la hospitali, alikaa akasimama, akasoma tangazo moja mara kumi, akakuna utosi, hadi mama akamvuta chini kati ya magoti yake. Akaomba kichupa cha kunyunyizia maji kilichokuwa mkobani mwa Chapuchapu, akaanza kumsuka pale pale, mbele za watu. Muuguzi alikuja na kipimo cha presha. Akafunga mkono wa kushoto wa mama, akajaza upepo, akasoma. Akakunja uso. Akafunga mkono wa kulia, akajaza tena.

"Mama, umekunywa dawa gani?"

"Hata moja ya ziada. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Iko sawa kabisa. Twende."

Mama alisimama, akaacha mikia mitano imesukwa upande wa kushoto na upande wa kulia umetimka wote.

"Nitamalizia nikianza kuona," alisema. "Usiziguse."

Mlango ukafungwa. Watu wa benchi walimtazama Chapuchapu na kichwa chake cha nusu. Yeye alilaza mikono yote miwili mapajani, akaketi, na hakuzigusa.