Maneno Ishirini ya Mwanzo

Jua la mchana likikaza Dodoma, macho ya Loisi huwa mazito, na siku ile usingizi ulimshinda mbele ya kompyuta. Akaota klasi, kile kipande cha programu alichokiandika mwenyewe, imegeuka nyumba ya tembe yenye mlango mmoja. Wazee walifika na fimbo zao, wakasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaulizia watoto, wakaulizia mvua. Bawabu akawafukuza kabla hawajasema kilichowaleta.

Aliamka shingo ikimuuma. Akafungua orodha ya maombi yaliyokataliwa, ambayo hakuwahi kuigusa tangu wafugaji waanze kuomba daktari wa mifugo kupitia tovuti ya ofisi ya kina Loisi.

Klasi yake ilipokea kila ombi, ikasoma maneno ishirini ya mwanzo, ikatafuta humo jina la mnyama au ugonjwa. Ikikosa, ililitupa. Wenzake waliisifu kwa wepesi, naye, binti wa Mpwapwa aliyelelewa kwa salamu ndefu kama njia ya kisimani, akavimba kichwa. Mji humsahaulisha mtu hata adabu ya kwao.

Mzee Zablon, naye wa Mpwapwa, alikuwa ameandika mara sita katika siku tisa. "Mbukwenyi nyote hapo ofisini. Sisi huku tu wazima, mvua imetunyima kidogo, wajukuu wanasoma, shukrani kwa Mungu..." Ng'ombe walitajwa mwishoni kabisa: hawali, na wawili hawainuki. Kila mara alijibiwa kwamba ombi lake halieleweki. Kila mara aliandika upya akiongeza salamu, akidhani amekosa heshima.

Loisi aliona aibu iliyomchoma hadi kifuani.

"Gaudence," alimwambia mwenzake wa meza ya pili, "mtafute daktari wa Mpwapwa sasa hivi."

Kisha akaigawa klasi: moja ya kupokea na kusikiliza mpaka mwisho, nyingine ya kupeleka ombi panapohusika. Ilikuwa kazi ya saa moja tu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akapiga simu.

"Shikamoo, babu. Ni Loisi, wa tovuti ya mifugo. Wale ng'ombe..."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshindaje? Wazazi wazima?"

"Wazima, babu."

"Na huko mvua?"

"Bado, babu."

Wakaenda hivyo polepole, hadi Loisi alipouliza ng'ombe wamebaki wangapi.

"Mmoja," mzee alisema. "Nimemfunika blanketi langu. Mtanisamehe, mjukuu wangu, kama sikuwasalimu vizuri."