Masufuria ya Pujini

Pale Pujini uhuru ulianzia jikoni, na aliyeuwashia moto ni Bi Mwanapili. Mwaka wa hamsini na nane, vijana wa harakati walipokuja mara ya kwanza na maneno yao ya kumwondoa Mwingereza, hawakuwa na hata jamvi la kukalia. Watu waliwatazama kwa mbali tu. Bi Mwanapili ndiye aliyeshika ufunguo wa banda la masufuria ya shughuli, yale makubwa manne waliyochanga wanakijiji wote kwa harusi na hitima. Aliwaonea huruma, akawapikia pilau. Mkutano wa pili ulijaa mpaka njiani, na chama kikampa kadi nambari moja.

Miaka mitatu haikutimia, banda likapakwa rangi za chama, likawa tawi. Ufunguo ukahamia kwa katibu, Mzee Kificho, ambaye siku hizo hata kukohoa alikohoa kwa niaba ya chama. Amri ikatoka: asiye na kadi, sufuria hapati.

Bi Mwanapili aliicheka amri hiyo mpaka ilipomfika mwenyewe. Mjukuu wake Mwanawema alikuwa anaolewa Jadida, kule Wete, na wakwe wote, kuanzia Bwana Hamad, baba wa bwana harusi, walikuwa wa chama cha pili.

"Masufuria ya chama hayapikii wapinzani," alisema Kificho.

"Ya chama tangu lini? Lile lililobonyea nilibonyeza mie, kwenye hitima ya mamaako!"

"Basi wakataze wakwe, au pikia vijungu vyako."

Moyo ulimuuma Bi Mwanapili hasa. Mwanawema alikuwa yatima aliyemlea tangu ananyonya. Kumwoza huku wakwe hawajala ni kumtia aibu ya maisha.

Haikupita wiki, Kificho akaja mbio, mdomo umejaa asali. Mkubwa wa chama anatoka Unguja Jumapili, na wali wa watu mia nne hapana auwezaye ila Bi Mwanapili.

"Ntapika," alisema, kwa upole ambao mwenye akili angeuogopa. Siku ile ile akapeleka salamu Jadida: harusi ni Jumapili, saa nne, mje nyote.

Wakaja gari tele, vigelegele juu. Wakakaa kwenye majamvi ya chama, na shehe akafungisha ndoa chini ya bendera kabla mkubwa hajafumbua mdomo. Kificho macho yalimtoka pima.

"Hawa nani?" mkubwa alimnong'oneza.

Kificho akaiweka sawa kofia yake. "Walikuwa wapinzani, bwana. Wamerudi kwetu."

Mkubwa alifurahi mno, akagawa kadi kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Hamad, pilau imemjaa mdomoni, aliona vibaya kumkatalia mgeni, akapokea. Wote aliokuja nao wakapokea. Bi Mwanapili alicheka mpaka akashika mbavu.

Sifa zote alizipata Kificho, na kwa furaha akamrudishia bibi ufunguo na kumfanya mwenyekiti wa akina mama. Basi kila aliyekuja bandani aliulizwa swali moja tu, akionyesha, anafunguliwa. Ilikuwa kazi nyepesi, na Bi Mwanapili aliizoea upesi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Bwana Hamad alifika Pujini, amekonda. Mama yake amefariki, na hitima ni keshokutwa. Chama chake cha zamani kilimsusa kwa ajili ya ile kadi. Aliichana mbele yao ili wamsamehe, wasimsamehe. Jadida hapana anayemwazima hata upawa.

"Pole, mkwe wangu, pole sana," alisema Bi Mwanapili, na machozi yalimlenga kweli. Akatoa ufunguo, akaelekea bandani, akashika kufuli. "Kadi umekuja nayo?"

Bwana Hamad alicheka, maana alimjua bibi huyu kwa mizaha. Akangoja naye acheke.

Bi Mwanapili alikuwa bado ameshika kufuli, anangoja jibu.