Aliyefungua Sanduku la Maoni

Ufunguo wa sanduku la maoni ulikuwa mmoja tu, na niliuvaa shingoni. Nasema hivyo mapema ili mjue kwa nini niliwaka. Mimi ni katibu wa idara ya upasuaji katika chuo cha udaktari, mwaka wa kumi na tisa huu, na mume wangu hudai kwamba hata chai akinipikia yeye naichungulia kwanza. Ni kweli. Watu siwaamini, na sioni haya kusema.

Sanduku lilitundikwa ukutani nje ya ofisi yangu ilipoundwa kamati ya usalama na ujumuishi. Mwenyekiti wake, muuguzi mkuu, alinieleza kwamba yeyote akiona mtu anadharauliwa kwa lugha yake, asili yake au ulemavu wake, aandike bila kutaja jina. Mimi niichape upya kila barua ili mwandiko usitambulike, ile ya mkono niichanechane, kisha nakala iende kwa wanakamati na kwa anayelalamikiwa apate kujieleza. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na nikaongeza ya kwangu. Sanduku nililifungua asubuhi na jioni, na juu ya kila barua nikaandika saa niliyoikuta. Karatasi isiyo na saa mimi naiona kama imetoka bila nguo.

Siku moja ikaja barua inayomhusu Profesa, anayepanga ratiba ya chumba cha upasuaji. Wodini alikuwa amemfunua mgonjwa, mama wa makamo asiyejua lugha yetu, mbele ya madaktari kumi na wawili wanaosomea ubingwa. Mkalimani hakuitwa, ruhusa haikuombwa. Yule mama alipoanza kulia, Profesa akasema, "Hawa watu wanapenda kelele," akaendelea kufundisha. Aliyeandika angeweza kuwa yeyote kati ya wale kumi na wawili.

Baada ya siku nane ratiba mpya ikabandikwa, na jina moja halikuwemo. Lilikuwa la binti tuliyemwita Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda. Alibakiza operesheni sita tu ili aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho, na mwezi ulikuwa unaisha. Akiukosa mtihani, miaka minne yake inakwenda na maji.

Alikuja ofisini, akafunga mlango.

"Mama, barua yangu ameiona nani?"

"Kumbe ni yako?"

"Profesa ameniambia nikajifunze kwanza kufunga mdomo. Mimi! Mtu mwingine hajui, hata mama yangu mzazi sijamwambia."

Aliposema hivyo macho yake yalikuwa kwenye ufunguo wangu. Niliumia sana, halafu nikakasirika. Yaani mimi? Nikamwahidi kwamba huyo mdokozi nitamleta hadharani.

Kuanzia hapo sikumwacha mtu. Mhadhiri kijana, yule anayecheka kabla Profesa hajamaliza utani wake, nilimhesabia mara alizopita mbele ya sanduku. Mpokea wageni wetu ni binti wa dada yangu, nami ndiye niliyemtafutia kazi. Nilimbana kwa maswali mpaka akalia. "Mama mkubwa, hata mimi?" Hata wewe, nikamwambia. Jioni nilikuwa nikipaka poda kidogo kwenye kufuli, asubuhi naichungulia na miwani. Poda ilikuwa vilevile kila siku, lakini sikutaka kuridhika.

Mwisho macho yangu yakatua kwa mama wa usafi. Tulimwita Mgeni, ingawa alikuwa na miaka sita pale. Alizungumza kwa lafudhi ya kwao, mbali huko, anakotoka pia yule mgonjwa. Kila asubuhi alilipangusa sanduku taratibu mno, na machale yakaanza kunicheza. Siku moja nikamkuta ameingiza vidole kwenye tundu la kutumbukizia barua.

"Unatafuta nini humo?"

"Karatasi za peremende, Mama Katibu. Wanafunzi wanazisokomeza hapa."

"Za peremende tu?"

Akaniangalia, akasuuza kitambaa chake kwenye ndoo. Nikaona ndiyo huyu. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wake, nikamwambia kwamba mtu wake anaiba barua. Saa sita mchana walimhamishia chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Alipita na ndoo yake katikati ya korido, watu wanamtazama na kunong'ona, naye hakujitetea. Nikasema moyoni, angekuwa hana kosa angepiga kelele.

Keshoyake mlinzi wa getini akaniletea karatasi ya kuweka kwenye faili. Mlango wa idara yetu hufunguliwa kwa kadi, na kompyuta ya walinzi huandika nani ameingia na saa ngapi.

"Profesa aliomba orodha ya walioingia wiki ile," akasema. "Hii ni nakala ya ombi lake, ameitia saini mwenyewe, na orodha yenyewe iko nyuma ya karatasi."

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Aliomba majina kuanzia Jumatatu saa kumi na moja jioni mpaka Jumanne saa moja na nusu asubuhi. Nikaketi. Saa hizo nilizifahamu. Nikatoa nakala yangu ya barua, sawa na ile iliyomfikia Profesa, na juu kabisa, kwa herufi zangu safi: *Jumatatu saa kumi na moja jioni, sanduku tupu. Jumanne saa moja na nusu asubuhi, barua moja.*

Kwenye orodha ya mlango, kati ya wale kumi na wawili, aliyeingia katika muda huo alikuwa Kimya peke yake. Sanduku halikuguswa na mtu. Aliyemuuza yule binti ni mimi, kwa bidii yangu.

Sikulala vizuri, nakiri. Ningeichana ile karatasi, nani angejua? Lakini bila hiyo Kimya hakuwa na ushahidi wowote. Kamati ilipokaa, Profesa alieleza kwa upole kabisa kwamba binti ametolewa kwa sababu mikono yake inatetemeka. Mimi huwa pale kuandika kumbukumbu, sio kusema. Nikaweka kalamu chini.

"Profesa, kama ni mikono, orodha ya mlango uliitaka ya nini?"

Nikaziweka karatasi mbili mezani, ombi lake na barua yenye saa zangu, nikaeleza yote, na la Mgeni pia. Kabla kikao hakijaisha Profesa alinyang'anywa ratiba, na Kimya akarudishiwa operesheni zake sita. Muuguzi mkuu akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

"Tulikuambia uchape. Saa ulitumwa na nani?"

Nikauvua ufunguo shingoni, nikampa.

Siku hiyohiyo nikamwandikia Mgeni barua ya kuomba radhi, ukurasa mzima, na kumwomba arudi idarani. Siku tatu hakuja. Nikashuka chumba cha kufulia. Alikuwa anakunja mashuka na wenzake watano, na barua yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, haijafunguliwa.

"Hukuisoma?"

"Mimi sijui kusoma, Mama Katibu. Miaka sita napangusa sanduku lako, hukuwahi kuniuliza."

Nilitamani sakafu inimeze. Mtu asiyejua herufi moja, nimemwita mwizi wa barua! Nikamwomba tutoke nje kidogo nimsomee. Akatikisa kichwa, akanipa bahasha.

"Soma hapahapa. Na sauti uitoe, maana hawa nao waliambiwa."

Wale watano wakaacha mashuka. Nikafungua bahasha, nikaanza kusoma.